Kambare wa Tabora

Hapa Maskati sote tuliotoka Afrika Mashariki huitwa Wazanzibari, hata sisi wa Tabora ambao Unguja tuliisikia redioni tu. Katika kitabu hiki karafuu zimekwisha kuandikwa sana. Leo niruhusuni, jamaa zangu, niandike habari za kambare.

Wazee wetu walikaa Unyanyembe zamani. Burton na Speke walipofika Kaze mwezi wa Novemba 1857 walipokewa na Sheikh Snay bin Amir Al-Harthy, Mwarabu wa Oman. Kutoka huko hadi pwani ilikuwa safari ya miezi kwa miguu. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Basi aliyetaka samaki mbichi alimtafuta kambare.

Ami yangu, Mungu amrehemu, alimpenda kwa kuwa hamtaki mvuaji fundi. Mshipi, ndoana, na nyungunyungu au utumbo wa kuku, basi. Kambare hula usiku, na maji yawe tope kiasi gani hapotei, kwani masharubu yake huonja. Akishika, humeza. Tena hafi upesi: juu ya matamvua ana kiungo kama kichaka kidogo, ndicho anachovutia hewa, na nyasi zikilowa huweza kujiburura kutoka dimbwi hadi dimbwi. Alfajiri tulimkuta anapumua ndani ya ndoo isiyo na maji, nasi watoto tukakimbia.

Tulihamia Maskati baada ya 1970. Ami akaenda Matrah na mshipi ule ule. Kambare hayumo katika mabonde ya Oman. Samaki wa huku wa maji baridi ni wadogo mno. Baharini akampata hongwe, mwenye masharubu kama yale, akamshika kama alivyozoea. Kumbe hongwe ana miiba ya sumu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni! Jirani yetu wa Unguja alimtia mkono katika maji ya moto huku akicheka: "Sheikh, nyinyi watu wa bara hamjui bahari."

"Kweli," ami akamjibu, "lakini nawe hujui dimbwi langu."

Wala mimi silijui. Nililala kando yake usiku mwingi, na jina lake sikumwuliza mpaka tukamzika. Nyinyi wa Ujiji, Mwanza na Bujumbura, waulizeni wazee waliobaki, mtuletee majina hayo kwa kitabu cha mwakani.