Uhuru na Wajibu katika Mafundisho ya Mwalimu Nyerere: Ushuhuda wa Handeni na Korogwe

Katika miaka ya 1830 njaa kali iliipiga nchi ya Uzigua, ambayo leo kwa sehemu kubwa ni wilaya ya Handeni na jirani zake. Watu waliuzwa au kuwekwa rehani ili wapate chakula, wakasafirishwa pwani na kuvushwa hata Somalia, ambako wengi wao baadaye walijikomboa na kufanya makao kando ya mto Juba. Miaka sitini hivi baadaye, mwaka 1896, wamisionari Wajerumani walifungua Lutindi, katika milima ya Korogwe, makao ya watoto waliokombolewa kutoka misafara ya watumwa. Makao hayo ndiyo yaliyokuja kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili tunayoijua. Twayataja haya mapema kwa sababu yatupasa kukumbuka kwamba neno uhuru halikuletwa katika wilaya hizi mbili na siasa ya TANU. Wenyeji walilijua kwa uchungu, tena walijua kwamba mtu mwenye njaa huweza kuupoteza uhuru wake bila vita.

Neno kazi nalo lilikuwa na historia yake. Mkonge, ulioingizwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893, uliifanya Korogwe kuwa nchi ya mashamba makubwa: Magunga, Ngombezi, Mnyuzi na mengineyo. Vibarua waliletwa kutoka mbali, wakaitwa manamba kwa kuwa walijulikana kwa namba kuliko kwa majina. Mtu alipewa kipande cha siku thelathini za kazi, na kila siku iliandikwa baada ya kumaliza kipimo alichowekewa. Basi Mwalimu Julius Nyerere alipotangaza, baada ya tarehe 9 Desemba 1961, kwamba mwito wa taifa ni Uhuru na Kazi, hatuna budi kujiuliza jinsi neno hilo la pili lilivyosikika masikioni mwa mtu aliyekuwa manamba.

Mwalimu mwenyewe hakuyaona maneno hayo mawili kuwa yapingana. Katika mafundisho yake uhuru haukuwa ruhusa ya kila mtu kufanya apendavyo, bali ulikuwa uwezo wa watu kujiamulia mambo yao na kubeba mzigo wa maamuzi hayo. Asiyetaka mzigo hajataka uhuru. Naye aliutoa mfano huo katika nafsi yake: tarehe 22 Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, alijiuzulu Uwaziri Mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa serikali, akaenda kukijenga chama na kuwafundisha watu maana ya kujitawala. Aliporudi kama Rais, katika hotuba ya tarehe 10 Desemba mwaka huo, aliwaomba wananchi wakae pamoja vijijini ili waweze kupata maji, shule na zana za kilimo. Aliwaomba, neno hili tutalirudia.

Kuhusu tabia ya mtu, Mwalimu alikuwa mkali, na ukali huo alianza nao kwake mwenyewe. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Aliwafukuza karibu 400, na papo hapo akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20, kwa kuwa aliona lawama ya ubinafsi iliwagusa viongozi pia. Miezi michache baadaye Azimio la Arusha likaleta miiko ya uongozi: kiongozi asipokee mishahara miwili, asiwe na hisa katika makampuni, asipangishe nyumba. Wanafunzi wa teolojia wanaosoma habari za watawa wa kale wataitambua sauti hii.

Sasa turudi Handeni. Ni wilaya ya ukame, ambayo watu wake walikuwa wametawanyika wakifuata maji na ardhi nzuri. Mapema miaka ya 1960 Kabuku ilichaguliwa kuwa mojawapo ya makazi ya majaribio, wakazi wakilima mkonge. Lakini kando ya mwaliko huo palikuwa na njia nyingine. Clyde Ingle, aliyefanya utafiti Handeni na Tanga katika muongo ule, aliandika juu ya shuruti katika maendeleo ya vijijini: sheria ndogo zilizomtaka mkulima kulima kiasi fulani, na adhabu kwa asiyetimiza. Wazee waliokuwa wamekutana na amri za namna hiyo chini ya Mwingereza walizikuta tena chini ya bendera yao wenyewe. Na haya yalitendeka wakati Mwalimu alipokuwa akiandika, katika Uhuru na Maendeleo ya mwaka 1968, kwamba watu hawaendelezwi bali hujiendeleza, na kwamba kijiji cha ujamaa hakiundwi kwa nguvu. Miaka mitano baadaye, Novemba 1973, mwandishi huyo huyo alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kazi hiyo ikamilike kufikia mwisho wa 1976. Ombi la 1962 lilikuwa limekwisha.

Hapa hatuandiki ili kumhukumu. Mtu aliyeiona njaa ya raia wake na kuchoka kungoja si mtu mwovu. Hata hivyo, twaona kwamba kosa lilikuwa zaidi ya haraka ya maofisa, kama inavyosemwa mara nyingi kwa nia ya kumlinda. Martin Luther, katika kijitabu chake cha mwaka 1520 juu ya uhuru wa Mkristo, alifundisha kwamba aliyewekwa huru na Kristo humtumikia jirani kwa sababu hana tena la kujitafutia; na Paulo katika Wagalatia 5:13 aufuata mpango huo huo, uhuru kwanza, utumishi baadaye. Amri yaweza kupima ekari, na kwa kweli nchi haiwezi kwenda bila amri. Lakini ujamaa, yaani kumhesabu mwingine kuwa ndugu, haupimwi kwa ekari. Mwalimu alilijua jambo hilo, akaliandika vizuri kuliko wengi wetu, kisha akaliacha. (Wala sisi tusijivune: ziko sharika ambazo mzee hunyimwa mazishi ya Kikristo kwa sababu ya ahadi ambayo hakuilipa.)

Baadaye alikiri hadharani kwamba kuvunja serikali za mitaa mwaka 1972 na vyama vya ushirika mwaka 1976 kulikuwa makosa. Mwaka 1985 aliondoka madarakani kwa hiari, akarudi Butiama. Kukiri na kung'atuka ni matunda ya tabia ile ile iliyopunguza mshahara. Ila twaona pia kwamba unyofu wa kiongozi mmoja haukumpa mkulima wa Handeni mahali pa kusema hapana.

Mapema miaka ya 1990, vita vya Somalia vilipopamba moto, wazao wa watu wale waliouzwa wakati wa njaa walianza kurudi. Walipokewa Mkuyu, kisha, kuanzia mwaka 2003, wakapewa ardhi Chogo, wilayani Handeni, na wengi wao baadaye wakapata uraia wa Tanzania. Baadhi yao walikuja wakisema Kizigua.