PS2 Imezima na Uko Mfangano? Irudishe Mwenyewe Bila Kuvuka Ziwa

Usiku wa mbalamwezi ndio wakati wa biashara kwa mtu yeyote mwenye chumba cha gemu Mfangano. Mwezi ukiwaka sana, taa za kuvutia omena hazifanyi kazi vizuri, so wavuvi wanabaki nchi kavu. Wako na doo kidogo na hawana usingizi. Usiku mmoja kama huo chumba changu pale Sena kilikuwa kimejaa hadi mlangoni, mbao kwa mechi, kelele hadi huko kwa maji. Stima ikapotea.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili ju ya karo, na hiyo PS2 ndiyo ilikuwa inanilisha. Nikajifanya injinia. Nikachukua betri ya sola ya volti 12, nikaiunganisha moja kwa moja kwa Slim. Taa ya kijani iliwaka kama sekunde mbili, halafu ikaja harufu. Wasee wakaanza kutoka mmoja mmoja bila kusema kitu.

Fundi niliyemtafuta alikuwa ng'ambo ya maji. Nikalipa nauli ya boti kwenda na kurudi, nikalipa na yeye, mashine ikarudi venye ilienda. Hapo ndipo nilianza kujifunza mwenyewe. Huu mwongozo ni yale mambo ningependa mtu angeniambia kabla ya ile harufu.

Jua uko na PS2 gani

PlayStation 2 ilitoka Japani mwaka wa 2000, Slim ikafuata 2004, na Sony wakaacha kuitengeneza mwaka wa 2013. Kwa hiyo miaka zaidi ya 12 hakuna mpya, lakini ziliuzwa zaidi ya milioni 160 duniani. Maana yake kwako ni hii: mashine zilizokufa ziko kila mahali, na kila iliyokufa ni duka la vipuri. Mtu akikuambia ako na moja imelala chini ya kitanda, nunua hata kama haiwaki.

Geuza yako uangalie stika. Kuna namba inaanza na SCPH.

- Ile nene (30000 hadi 50000): stima inaingia ndani moja kwa moja, na nyuma kuna nafasi ya kuweka hadi diski.
- Slim 70000 hadi 79000: iko na adapta ya nje inayotoa volti 8.5.
- Slim 90000: inafanana na hizo zingine, lakini adapta iko ndani, so inachomekwa kwa soketi moja kwa moja.

Usiruke hii hatua. Karibu kila kitu huko chini kinategemea hiyo namba.

Vifaa vya kutafuta

Bisibisi ya nyota, brashi laini ya rangi, pamba za masikio, spiriti safi (alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 na zaidi ndiyo poa), mita ya kupima umeme, na kijiti cha meno. Mita ya bei rahisi inatosha. Ukikosa vingine vyote, hiyo usikose.

Hatua ya 1: Anza na stima, usianze na bisibisi

Watu wengi wakiona mashine imezima wanakimbilia kuifungua. Zii. Angalia taa kwanza.

*Hakuna hata taa nyekundu.* Shida iko kwa stima. Kwa Slim yenye adapta ya nje, weka mita kwa volti za DC upime mdomo wa adapta. Inafaa isome karibu 8.5. Ikisoma sifuri, adapta ndiyo imekufa na mashine yako inaweza kuwa haina makosa yoyote. Ikisoma sawa na bado giza, kuna fyuzi ndogo kwa bodi karibu na mahali waya inaingilia. Pima kama zinapitisha umeme. Hapo unahitaji mtu wa kuchomelea risasi.

*Nyekundu iko, inageuka kijani, halafu inazima.* Mara nyingi ni joto au kuna kitu kinagusana ndani. Nenda hatua ya 2.

*Kijani iko lakini hakuna picha.* Kabla ulie, badilisha ile kebo ya njano, nyeupe na nyekundu. Kebo zinakufa kuliko mashine. Pia hakikisha TV iko kwa AV.

Adapta ya laptop ni volti 19. Ile ya volti 12 ya taa za sola ni 12. Hata kama mdomo unaingia, hiyo si adapta yako.

Na kama uko na ile nene au Slim 90000, usiguse ile sehemu ya ndani inayopokea stima. Kuna kapasita kubwa pale inabaki na umeme hata ukishachomoa waya, na inaweza kukurusha vibaya. Hiyo sehemu ikiharibika, toa nzima na uweke nzima kutoka kwa mashine nyingine.

Hatua ya 2: Fukuza ziwa kutoka ndani

Msee wa Nairobi anapigana na vumbi. Sisi tunapigana na vumbi, unyevu, na wale vijidudu vya ziwa wanaokuja kama moshi juu ya maji. Usiku wanafuata mwangaza, na chumba cha gemu ndicho chenye mwangaza. Feni ya PS2 inavuta hewa, so inawavuta na wao. Nilipofungua yangu mara ya kwanza, nilidhani kuna mtu amemwaga majani chai ndani.

Chomoa kila kitu. Skrubu ziko upande wa chini, zimefichwa na vifuniko vidogo na miguu ya mpira. Zipange kwa karatasi venye zilikuwa, ju si zote ziko na urefu mmoja. Inua kifuniko mos mos: kwa Slim kuna utepe mwembamba umeunganisha kibonyezo cha kuwasha, na ukivuta kwa nguvu unakatika.

Piga brashi kwa feni na kwa ile chuma ya kupoza. Feni ishikilie na kijiti cha meno ndiyo isizunguke. Ukiona ukijani au unga mweupe kwa bodi, hiyo ni kutu ya unyevu. Sugua na pamba yenye spiriti, acha ikauke kabisa. Usitumie maji, na usipulize na mdomo, ju mate pia ni maji.

Kisha fikiria mahali mashine inakaa. Iweke juu kutoka sakafuni, mbali na dirisha linaloangalia ziwa. Kipande cha neti ya mbu mbele ya matundu ya hewa kinazuia wadudu, lakini kisafishe kila wiki, la sivyo kinakuwa blanketi na joto linaua mashine.

Hatua ya 3: Lenzi

Hii ndiyo inauanga PS2 nyingi. Dalili unazijua: diski inazunguka, inalia, halafu inaambiwa haisomeki.

Jaribu diski mbili tofauti. Gemu za PS2 ziko kwa DVD yenye mgongo wa fedha, na chache ziko kwa CD yenye mgongo wa bluu. Ikisoma moja na kukataa nyingine, lenzi inachoka, ju kila aina ya diski ina miale yake.

Safisha jicho la lenzi na pamba yenye spiriti kidogo, mguso mwepesi, kama unapangusa jicho la mtoto. Kisha angalia reli ambazo lenzi inatembelea. Grisi yake ikikauka, lenzi inakwama. Pangusa ya zamani, weka tone la grisi nyeupe. Mafuta ya kupika hapana. Yanashika vumbi na yananuka.

Kwa Slim, cheki na ule utepe mweupe wa lenzi. Ukiinuka unaweza kugusa diski na kuikwaruza mduara mzima. Ubonyeze chini na kipande kidogo cha gundi ya karatasi, lakini hakikisha lenzi bado inatembea huru.

Kuna mafundi watakuambia wazungushe kale kaskrubu ka kuongeza nguvu ya miale. Itasoma wiki chache, halafu itakufa kabisa. Ukinunua lenzi mpya, linganisha namba na ya zamani, na uangalie kama ina tone dogo la risasi la kuikinga na umeme tuli. Nyingi huja nalo. Hilo tone linafaa kutolewa ukishaifunga, la sivyo utadhani umeuziwa mbovu.

Hatua ya 4: Ipe lenzi likizo ya milele

Hii ndiyo siri ya wenye vyumba vya gemu. Usitengeneze lenzi kila mwezi. Toa kazi yote kwake.

Zamani watu walikuwa wanachomelea chipu ndani. Leo kuna Free McBoot, programu inayokaa kwa memori kadi. Unachomeka kadi, unawasha, na mashine inakubali programu zingine. Hakuna kuchomelea. Inafanya kazi kwa karibu PS2 zote, isipokuwa zile Slim 90000 za mwisho mwisho. Hizo zinatumia nyingine inaitwa OpenTuna, pia kwa memori kadi. Njia rahisi ni kununua kadi iliyowekwa tayari, au kutafuta msee mwenye nayo akuwekee kwa yako.

Programu ya pili ni Open PS2 Loader, wengi wanaiita OPL. Hii ndiyo inasoma gemu kutoka kwa flashi:

1. Fomati flashi kwa FAT32. OPL mpya zinakubali pia exFAT.
2. Tengeneza folda mbili, moja uiite DVD na nyingine CD.
3. Geuza diski zako kuwa faili za ISO kwa laptop yenye kisomea DVD. Programu ya ImgBurn inafanya hiyo bure.
4. Nakili gemu moja baada ya nyingine kwa flashi iliyotoka kufomatiwa. Faili ikivunjika vipande vipande, OPL inagoma.
5. FAT32 haibebi faili inayozidi gigabaiti 4. Gemu kubwa inakatwa na programu ya USBUtil, ama unatumia exFAT.
6. Ndani ya OPL, weka USB ijianze yenyewe kisha uhifadhi mabadiliko.

Ukweli ni kwamba USB ya PS2 ni ya kitambo, mwisho wake ni megabiti 12 kwa sekunde. Ukiwa uwanjani mpira unachezeka fiti, lakini zile video za mwanzo zinakwamakwama. Ukitaka mwendo zaidi, kuna adapta ya MX4SIO inayoweka kadi ya SD kwa tundu la pili la memori kadi. Slim nayo iko na tundu la kebo ya mtandao, so laptop ya zamani inaweza kuwa ghala la gemu zako.

Na tuelewane: nakili diski ulizonunua. Kuuza nakala za gemu za wenyewe ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na ukishikwa hutapoteza mashine pekee.

Hatua ya 5: Sola, lakini kwa akili

Sasa turudi kwa lile kosa langu. Betri inatoa 12, Slim ya adapta ya nje inataka 8.5. Katikati unaweka kipunguza volti cha DC chenye uwezo wa ampea 6 au zaidi, ju adapta yake imeandikwa karibu ampea 5.6. Kabla kiguse PS2, kiunganishe kwa betri na mita, uzungushe mpaka kisome 8.5. Hakikisha chanya na hasi ziko sawa na mchoro kwa adapta. Weka fyuzi ya ampea 7.5 karibu na betri. Nene na 90000 haziingii kwa hii mpango. Hizo zinahitaji inveta.

Piga hesabu. Betri ya volti 12 na ampea 100 kwa saa ina wati 1200 za saa. Ya asidi usiishushe zaidi ya nusu, so uko na 600. PS2 haizidi wati 48 za adapta, TV ndogo ya LED ni kama 40. Hiyo ni karibu saa 6 za mpira, usiku mzima wa biashara.

Lini uachane nayo

Bodi ikiwa imeungua hadi rangi imebadilika, usipeleke pesa huko. Toa lenzi, feni, kifuniko, memori kadi na pedi, weka kando. Itafufua nyingine.

Ile yangu iliungua bodi. Lakini feni yake ndiyo inapoza hii niko nayo saa hii, na pedi zake bado zinapigana. Usafi naufanya siku za giza, wakati wavuvi wako ziwani na chumba kiko tupu. Mwezi ukirudi, kila kitu kiko tayari. Na kando ya ile betri kuna kale kakipunguza volti, kenye bei ndogo kuliko nauli ya boti niliyolipa ile siku.