Kutoka Barazani hadi Kichochoroni: Wapishi Waliolisha Dar es Salaam

Mgeni ashukaye Dar es Salaam kwa shughuli zake, akaisha kuoga na kupumzika, akauliza ni wapi apate maakuli mazuri yasiyomtoboa mfuko, aghalabu huelekezwa kwenye mlango wenye kibao na taa. Na ushauri huo si mbaya, ila una upungufu mmoja, nao ni kwamba chakula cha katikati ya mji huu, tangu mji ulipoanza kuwa mji, hakikufungamana na milango bali kilifungamana na nyakati. Mwenyeji wa Kariakoo akiulizwa swali hilo hilo, kabla hajataja mtaa wowote hutaka kwanza kujua ni saa ngapi, kwa maana mahali panapouzwa supu alfajiri huenda ifikapo adhuhuri pakawa pa fundi viatu, na kona iliyokuwa tupu mchana kutwa huwa, baada ya sala ya magharibi, imezungukwa na watu waliosimama wakila pweza. Desturi hiyo ina historia yake, nayo ni historia ya watu ambao majina yao hayakuandikwa juu ya mlango wowote, na wengi wao ni wanawake.

Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, alianza kujenga mji huu kando ya kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860, akafariki mwaka 1870 kazi haijakamilika. Wajerumani waliuhamishia mji huu makao makuu ya utawala wao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na mwaka 1905 wakaanza kuijenga reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Bandari na reli viliwavuta vibarua na mahamali kutoka bara na pwani, na wengi wao walikuja peke yao, bila mke wala jamaa, wakapanga chumba kimoja watu kadha wa kadha, wakawa wanatoka kwenda kazini kabla jua halijachomoza na kurejea wakiwa hawana nguvu ya kukoka moto. Mtu wa namna hiyo ana haja ya mwingine wa kumpikia, tena kwa bei iliyo sawa na ujira wake; na haja hiyo ndiyo chimbuko la yote tutakayoyasimulia, kwani mji ulioita wanaume bila kuwapa majiko ulilazimika kupata majiko hayo nje.

Waingereza walipouteka mji mwezi Septemba 1916, waliweka kambi ya kikosi cha wapagazi wa kijeshi, yaani Carrier Corps, katika ardhi iliyokuwa magharibi ya Mnazi Mmoja, na mtaa uliochipuka hapo ndio Kariakoo ya leo. Haifai kulipita jambo hili bila kuwakumbuka wapagazi wenyewe, ambao katika vita ile walikufa kwa maelfu, na kilichowaua zaidi ya risasi kilikuwa maradhi na uhaba wa chakula. Serikali ya kikoloni iliendelea kuugawa mji kwa rangi za watu, Wazungu pwani upande wa kaskazini, Wahindi katikati, na Waafrika ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja ulioachwa wazi makusudi ili utenganishe. Lakini mgawanyo huo haukuweza kuzuia harufu ya vitunguu kuvuka uwanja, wala haukumzuia karani wa Uhindini kutuma mtoto akamnunulie muhogo wa kukaanga upande wa pili.

Nyumba iliyojengwa Kariakoo ilikuwa ile iitwayo nyumba ya Kiswahili, yenye vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, ua nyuma, na mbele baraza inayotazama njia. Wanawake si haba walimiliki nyumba hizo au walipanga vyumba ndani yake, na wengi, hususan walioachika au waliofiwa na waume, waliigeuza baraza kuwa duka na jiko kwa wakati mmoja. Kazi ilianza usiku. Mchele ulilowekwa mapema, ukatwangwa kinuni, nazi zikakunwa kwa mbuzi na kukamuliwa, kisha unga ukachanganywa na tui na hamira na iliki na kuachwa uumuke; na ilipokaribia alfajiri, kabla mwadhini hajapanda, seredani ilikuwa imewashwa na chuma cha vitumbua kimeshika moto, ili kibarua wa bandarini apitapo na kipande cha gazeti mkononi akute kitumbua cha moto, au andazi, au mkate wa kumimina uliokatwa vipande. Jioni baraza ile ile ilitoa samaki wa kukaanga, mihogo, bhajia na kachori. Hapakuwa na viti. Aliyenunua alikula amesimama, au alikaa barazani pamoja na wenyeji, na hivyo aliyekuwa mgeni akapata habari za mji pamoja na chakula chake: nani ana chumba cha kupangisha, wapi wanatafuta vibarua, na nani kafariki azikwe saa ngapi.

Pamoja na wanawake hao walikuwako Waarabu, na hasa Washihiri waliotoka Hadhramaut, ambao walishika sana biashara ya hoteli ndogo na kahawa, na ambao kumbukumbu yao imebaki katika Mtaa wa Mshihiri. Hoteli ya Mwarabu ilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu na mabenchi, ikauza chai ya rangi na ya maziwa, mkate, maharage na nyama ya mchuzi, nayo ilikuwa mahali pa mtu anayetaka kukaa. Ng'ambo ya Mnazi Mmoja, Wahindi walikuwa na vyumba vyao vya chai, kila jamaa na chake, na chakula chao, sambusa na kababu na chapati na biriani, kilizoeleka upesi hata mtoto wa Kariakoo wa leo atashangaa akiambiwa kuwa chapati ilikuja kwa jahazi.

Vita vya Pili vya Dunia vilileta mgao wa chakula, na mgao huo ulifuata rangi: mchele uliwekewa Wahindi na Waarabu, Mwafrika akapewa mahindi. Kwa watu wa pwani waliozoea wali tangu enzi za mababu, haya yalikuwa matusi yaliyotiwa ndani ya sahani, na siwezi kuafikiana na wale wanaoyataja kama jambo dogo la utawala, kwani mtu anayeambiwa na serikali kwamba wali si chakula cha asili yake amekwisha kuambiwa mengi kuhusu nafasi yake katika nchi.

Naam, na nchi ilipoanza kudaiwa, wapishi walikuwamo. Chama cha TANU kilipoundwa tarehe 7 Julai 1954 katika nyumba ya Mtaa wa New Street, ambao sasa ni Lumumba, kilikuwa na haja ya wanachama upesi, na makarani wengi wa serikali walizuiwa kujiunga. Wanawake wa mjini, wakiongozwa na Bibi Titi Mohamed, hawakuwa na mwajiri wa kumwogopa. Mwanahistoria Susan Geiger, aliyewahoji wanawake hao na kutoa kitabu juu yao mwaka 1997, alionyesha kwamba wengi walikuwa watu wa biashara ndogo ndogo, wakiwamo waliopika na kuuza maandazi na vitumbua. Jambo hili halinishangazi hata kidogo. Mwanamke ambaye kila alfajiri mtaa mzima humpitia, anayejua nani mwaminifu na nani mdaku, na ambaye fedha anayokula ni yake mwenyewe, ana vitu ambavyo chama kichanga hukihitaji kila kimoja. Na katika hesabu za uhuru wetu tumewaandika wanasiasa na wanachuoni, na chuma cha vitumbua tumekisahau.

Tarehe 8 Desemba 1975 Mwalimu Nyerere alilifungua soko jipya la Kariakoo, lililobuniwa na Beda Amuli, msanifu majengo mzalendo, kwa paa za zege zilizopanuka mfano wa miavuli iliyopinduliwa, ambazo hukusanya maji ya mvua na kuyapeleka kwenye matangi yaliyo chini, na kwa ghorofa ya chini ya ardhi ambayo wenyeji huiita Shimoni. Ni jengo ambalo taifa lolote lingejivunia. Lakini kwa wapishi miaka iliyofuata ilikuwa migumu: baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 sukari, mafuta na unga viliadimika, watu wakapanga foleni kwenye maduka ya ushirika, na ugali ukapikwa kwa unga wa mahindi ya njano kutoka ng'ambo, uliobatizwa unga wa Yanga, kwa jina la klabu ya mpira yenye jezi za rangi hiyo. Mshahara wa mfanyakazi haukutosha tena hata nusu ya mwezi.

Hapo ndipo mke wa karani na mke wa askari, ambao jana walikuwa wakipika kwa ajili ya nyumba zao tu, walipobeba sufuria na kutoka nje, wakaketi kwenye malango ya viwanda, pembeni ya majengo yanayojengwa na nyuma ya ofisi za serikali, wakauza wali maharage, ugali na dagaa, mchicha na kisamvu. Na mji ukawaita mama ntilie. Mwaka 1983 ilipitishwa sheria ya nguvu kazi, iliyolenga kuwaondoa mjini wasio na kazi rasmi, na watu walikamatwa mitaani na kurudishwa vijijini. Mtumishi wa serikali aliyetumwa kuwafukuza wapishi hawa asubuhi aghalabu alikula kwao mchana, kwa sababu mshahara wake haukumruhusu kula pengine. Kwa miongo iliyofuata mambo yalikwenda hivyo hivyo, leo wanaruhusiwa, kesho kipindupindu kikiingia wanafukuzwa, keshokutwa wanarudi. Mpaka mwezi Desemba 2018 serikali ya Rais Magufuli ilipotoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000 kila kimoja, mama ntilie wakiwamo, na kwa muda wakapumua.

Lakini huku wakipata karatasi, walikuwa wanapoteza mahali. Tangu miaka ya 1990 nyumba za Kiswahili za Kariakoo zimevunjwa moja baada ya nyingine na kusimamishwa maghorofa ya maduka, na pamoja nazo zimekwenda baraza. Soko kuu liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na mwezi Oktoba mwaka huo huo wafanyabiashara waliokuwa kando ya barabara waliamriwa kuhamia maeneo waliyopangiwa. Mpishi aliyekuwa barazani sasa yuko kichochoroni baina ya maghorofa mawili, au anapikia nyumbani kwake Buguruni au Manzese na kuingia mjini na mahotipoti, akiwapelekea wauza nguo wa Mtaa wa Kongo sahani zao dukani. Mimi naona kwamba mji unaojenga ghorofa kumi bila kutenga mabomba mawili ya maji na mtaro safi kwa ajili ya anayewalisha wajenzi wake, kisha ukamlaumu kwa uchafu, unamdhulumu. Na kipindupindu huzuiwa kwa maji, hakizuiwi kwa virungu.

Basi mgeni anayetaka kula vizuri Kariakoo na mjini na asishike orodha, bali ashike saa. Alfajiri mpaka saa mbili ni wakati wa supu, ya ng'ombe au ya makongoro au ya kuku, yenye ndimu na pilipili, ikinywewa kwa chapati. Na ikipita saa nne usiitafute, maana iliyobaki imechoka. Baina ya saa sita na saa nane ndio wakati wa mama ntilie, na kanuni ni moja tu: keti walipo wengi, hasa wasukuma mikokoteni, kwani watu wale hula kila siku kwa fedha ya jasho na hawamsamehe mpishi anayepunguza nyama. Siku ya Ijumaa, baada ya sala, tafuta pilau. Mwenye kupenda meza na paa atakwenda Chef's Pride katika Mtaa wa Chagga, ambako kwa miaka mingi wamepika vyakula vya nyumbani bila majivuno.

Alasiri ni wakati wa mihogo, sambusa, na maji ya miwa yaliyokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi. Jioni hutoka vijana wa chipsi, na chipsi zege, yaani viazi vilivyogandishwa kwa mayai, ndicho chakula kipya kilichopata uraia upesi kuliko vyote. Wazee wanakibeza, nami siwaungi mkono, kwa sababu kimelisha wanafunzi na makondakta wasiohesabika. Baada ya magharibi hutoka wauza pweza, na mishkaki, na katika makutano ya Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Libya, Mamboz huchoma kuku nje ya mlango, moshi ukitangulia kumwita mtu kabla hajaiona kona yenyewe; hapo inafaa kwenda mapema, maana meza hujaa.

Na aliyekwisha kula asiende kulala kabla hajapita kwa muuza kahawa, ambaye bado anakaa na dele lake juu ya makaa katika mitaa ya Kariakoo, mabenchi yamemzunguka, na wazee wa Simba na wa Yanga wanabishana. Kashata huliwa kwanza, kahawa hufuata bila sukari; kikombe kikiisha hujazwa tena mpaka mnywaji akirudishe, na mwenye dele ndiye anayehesabu vikombe, hesabu ikilipwa wakati wa kuondoka.