Mafurushi Yaliyorudi Nyumbani

Leo tuwatazame Wablackfoot, watu wa nyika za Amerika ya Kaskazini. Makabila yao matatu, Siksika, Kainai na Piikani, yako Alberta, nchini Kanada. Ndugu zao wengine wako Montana, Marekani. Zamani waliishi kwa kuwinda nyati.

Kiini cha ibada zao ni mafurushi matakatifu. Furushi la Kiko cha Radi lina kiko kirefu kilichopambwa kwa manyoya, pamoja na ngozi za wanyama na ndege. Hufunguliwa radi ya kwanza ingurumapo baada ya majira ya baridi. Furushi kwao si pambo la nyumba. Hulitunza kama mtu aliye hai. Mtunzaji hulipokea kwa ibada, hujifunza nyimbo zake, kisha kwa wakati wake humkabidhi mwingine. Wakati wa kiangazi huwa na Ngoma ya Jua. Msingi wake ni nadhiri ya mwanamke mwenye sifa njema, pengine aliyemwombea mgonjwa wake apone, naye hufunga.

Nyati walipokwisha, njaa iliingia. Mwaka 1895 serikali ya Kanada ilipiga marufuku sehemu za ibada za namna hii, na sheria hiyo haikuondolewa hata 1951. Watoto walipelekwa shule za bweni, wakakatazwa lugha na dini ya wazazi wao. Baadhi ya shule hizo ziliendeshwa na Waanglikana, ndugu zetu wa Kanisa moja. Mafurushi mengi yaliuzwa, yakafungiwa katika majumba ya makumbusho.

Mwaka 1990 makumbusho ya Glenbow, mjini Calgary, yalianza kuwaazima Wablackfoot mafurushi yao. Mwaka 1993 Askofu Mkuu Michael Peers aliomba radhi, kwa niaba ya Kanisa la Anglikana la Kanada, kwa mambo ya shule zile. Mwaka 2000 Alberta ilitunga sheria, na vitu 251 vikarudishwa kwa wenyewe.

Je, twajifunza nini? Hatusemi dini zote ni moja. Sisi twamwabudu Yeye aliyeliumba jua. Lakini Paulo alipofika Athene alitazama kwanza madhabahu za watu, ndipo akahubiri. Hakuvunja, wala hakuchukua. Injili ikifika pamoja na askari, na mtoto akitengwa na mamaye, nani ataiita habari njema?

Tena tumkumbuke Zakayo. Wokovu ulipoingia nyumbani mwake, aliahidi kurudisha alichodhulumu. Kutubu kwa midomo ni mwanzo tu. Tukiwa na kitu cha jirani, kiwe shamba, fedha au heshima yake, tusingoje miaka mia moja kukirudisha.

Tuombe. Ee Bwana, utufundishe kulihubiri jina lako bila kumdharau mtu uliyemwumba. Amina.