Hatari za Kisiasa kwa Wawekezaji: Ufipa na Ukanda wa Ziwa Tanganyika

Hatari za kisiasa ni uwezekano wa mtaji kupotea kutokana na maamuzi ya watawala au kuvunjika kwa amani, hata pale ambapo mwenye biashara hakukosea hesabu na mvua hazikumwangusha. Humo huingia vita, ghasia, utaifishaji, kufutwa kwa leseni, kufungwa kwa mipaka na kuzuiwa kwa fedha za kigeni.

Ufipa, nyanda za juu zilizo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ilizijua hatari hizi kabla ya kujua benki. Milanzi, ambalo leo ni jina la kata katika Manispaa ya Sumbawanga, hutajwa katika masimulizi ya Wafipa kuwa makao ya watawala wao wa kwanza. Katika miaka ya 1840 Wangoni wa Zwangendaba waliivamia nchi hiyo, na Zwangendaba mwenyewe akafia huko. Baadaye falme za Nkansi na Lyangalile zilirudisha utulivu, na mwaka 1880 msafiri Joseph Thomson alipita Ufipa akaikuta nchi ya wakulima walioishi kwa amani.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mambo yalikwenda vingine. Novemba 30, 1973 Rais Mobutu Sese Seko alitangaza kuwa mashamba, maduka na kampuni nyingi za wageni zingekabidhiwa raia wa Zaire. Muda si mrefu maduka mengi yalibaki bila bidhaa, kwa kuwa waliopewa wengi wao hawakuwa na mtaji wala uzoefu wa kuyaendesha. Vikaja vita vya 1996 hadi 1997, kisha vile vya 1998 hadi 2003, na wakimbizi kwa maelfu wakavuka maji kuja Kigoma na Rukwa. Meli ya MV Liemba, ambayo kwa miongo mingi ilibeba abiria na shehena za wafanyabiashara hadi Kasanga na Mpulungu, ilitumika pia kuwarudisha wakimbizi kwao.

Tukio linalostahili kusomwa na kila anayezungumzia usalama wa wawekezaji lilitokea Kilwa ya Katanga, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Mweru, usiopaswa kuchanganywa na Kilwa ya pwani ya Tanzania. Kampuni ya Anvil Mining ilikuwa ikichimba shaba na fedha huko Dikulushi, na Kilwa ndiyo iliyokuwa njia yake ya kusafirishia madini. Mwezi Septemba 2004 bodi ya MIGA, taasisi ya Benki ya Dunia inayotoa dhamana dhidi ya hatari za kisiasa, iliidhinisha dhamana ya dola milioni 13.3 kwa mgodi huo. Mwezi uliofuata waasi wachache waliuteka mji, na jeshi la Kongo likaja kuukomboa. Raia zaidi ya 70 waliuawa. Magari ya kampuni yalitumika kubeba wanajeshi. Kampuni ilijitetea kuwa yalichukuliwa kwa amri ya serikali. Mahakama ya kijeshi iliwaachia washtakiwa wa mauaji hayo mwaka 2007, na ilichukua zaidi ya miaka kumi tangu mauaji mpaka Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipoitia Kongo hatiani na kuagiza wahanga waliotajwa katika shauri walipwe dola milioni 2.5. Mgodi ulikuwa na wa kuudhamini. Watu wa Kilwa hawakuwa na yeyote.

Tanzania haikupitia vita vya namna hiyo, lakini amani peke yake haimwondolei mwekezaji hatari. Benki zilitaifishwa Februari 1967 baada ya Azimio la Arusha. Mwaka 2018 kanuni mpya za madini zilifuta leseni za kuhodhi maeneo, na kampuni ya Winshear Gold ya Kanada, iliyokuwa na mradi wa dhahabu kusini magharibi mwa nchi, ikaishtaki serikali katika kituo cha usuluhishi cha ICSID mjini Washington. Mwaka 2023 pande hizo zilipatana kwa serikali kulipa dola milioni 30, fedha zinazotoka katika mfuko wa walipa kodi. Uchaguzi mkuu wa Oktoba 29, 2025 nao uliandamana na ghasia. Intaneti ikazimwa na amri ya kutotoka nje usiku ikatolewa Dar es Salaam.

Anayesahaulika katika mijadala hii ni mfanyabiashara wa mahindi wa Sumbawanga. Naye ni mwekezaji. Hununua magunia vijijini kwa fedha ya mkopo, hulipa ghala, hukodi lori, kisha hutazama soko la Kongo kupitia bandari ya Kasanga au la Zambia kupitia Kasesya na Tunduma. Juni 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza zuio la kuuza nafaka nje ya nchi, akitaka kinachotoka kiwe unga. Sababu ilikuwa hofu ya njaa, na si ya kupuuzwa. Lakini bei za mahindi zikaporomoka, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hauna uwezo wa kununua mavuno yote ya mkoa wa Rukwa. Machi 2021 amri ilitoka upande wa pili: Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu kuvu, kisha siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti.

Bima ya hasara kama hizo ipo. ATIDI, taasisi ya Afrika iliyoanzishwa mwaka 2001 na yenye makao makuu Nairobi, hukinga biashara na mikopo dhidi ya hatari za kisiasa, na Tanzania ni mwanachama. Ila huduma zake zimeelekezwa kwa mabenki, serikali na miradi mikubwa, wala mwenye lori moja la mahindi hana mkataba wa kimataifa wa kumfikisha Washington. Kwake kinga ya kweli ingekuwa taarifa ya mapema. Serikali inapolazimika kuzuia nafaka, itangaze tarehe ya zuio kuanza na ya kuisha, na mzigo uliokwisha kupata kibali iuache uvuke.