Mlinda Mlango wa Lagos katika Chuo cha Houston

Aghalabu watu wasimuliapo habari za Hakeem Olajuwon, bingwa wa mpira wa kikapu, huanzia Marekani, kana kwamba alizaliwa siku ile ya mwaka 1980 aliposhuka katika ndege mjini Houston, kijana wa miaka 17 asiyekuwa na hazina nyingine ila kimo chake. Na masimulizi hayo, ijapokuwa yamekaririwa magazetini kwa miaka mingi, yanaudhulumu mji wa Lagos haki yake.

Alizaliwa huko tarehe 21 Januari 1963, katika jamaa ya Kiyoruba yenye kushika dini ya Kiislamu, wazazi wake wakifanya biashara ya saruji. Utotoni alikuwa mlinda mlango wa kandanda, na kadhalika mchezaji wa mpira wa mikono, wala kikapu hakukijua mpaka alipotimiza umri wa miaka 15 hivi, akiwa mwanafunzi wa Chuo cha Waalimu wa Kiislamu mjini humo. Sasa na tuitafakari kazi ya mlinda mlango. Aliye hodari huusoma mwendo wa mpira kabla haujapigwa, husogea kando kwa hatua fupi za haraka, na huruka kwa wakati wake, bila ya kuhadaika na mwili wa mpigaji. Naye mchezaji wa mpira wa mikono hujifunza kumlaghai mpinzani kwa bega, kuukamata mpira barabara, na kugeuka ghafla penye nafasi finyu. Mtu aliyezama katika ilimu hizo mbili tangu udogo wake, akisimama chini ya kikapu kwa kimo kipitacho mita 2, hawi mwanagenzi kamili, hata kama kanuni za mchezo ni ngeni kwake. Zile mbinu za miguu zilizowashangaza Wamarekani baadaye, za kumpeleka mpinzani kulia ilhali mwenyewe ameshageukia kushoto, asili yake ni viwanja vya Lagos, na mwenyewe amekiri hivyo.

Christopher Pond, Mmarekani aliyekuwa akifundisha kikapu barani Afrika, ndiye aliyepeleka sifa zake kwa Guy Lewis, mwalimu wa timu ya Chuo Kikuu cha Houston. Walakini kijana alipofika hapakuwa na mtu wa kumlaki kiwanja cha ndege, akaambiwa achukue teksi. Mwaka wa kwanza hakucheza mechi hata moja, kwa kuwa idhini ya chama kinachosimamia michezo ya vyuo ilikuwa haijapatikana, na kazi yake ikawa mazoezi tu. Naona subira ya mwaka ule ilimfaa sana. Miezi ya kiangazi alikwenda ukumbi wa michezo wa Fonde mjini humo kupambana na Moses Malone, aliyekuwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa mchezo huo, mtu wa nguvu nyingi asiyemhurumia mgeni. Na kusukumwa na mtu wa namna hiyo ni masomo yasiyopatikana katika darasa lolote.

Mwaka 1982 Houston ilifika nusu fainali ya vyuo, ikashindwa na North Carolina, ambayo kati ya vijana wake alikuwamo Michael Jordan. Mwaka uliofuata ndio uliobaki katika kumbukumbu. Timu ile, yenye Clyde Drexler na wenzake, ambayo watu waliipa jina la Phi Slama Jama kwa jinsi ilivyopenda kuupigilia mpira kikapuni kutoka juu, ilikuwa imeshinda mechi 26 mfululizo ilipoingia fainali mjini Albuquerque, mji ulioko juu sana kutoka usawa wa bahari, ambako pumzi huisha upesi. Katika nusu fainali dhidi ya Louisville, Olajuwon alikwisha pata pointi 21 na ribaundi 22. Katika fainali Houston ilikuwa ikiongoza pale mwalimu Lewis alipoamuru mchezo upunguzwe kasi, na kwa rai yangu amri hiyo iliwavua vijana wake silaha yao ya pekee. North Carolina State ikawafikia, kisha katika nukta ya mwisho mtupo wa mbali wa Dereck Whittenburg ukapungua, Lorenzo Charles akaudaka mpira hewani na kuutia. Matokeo yakawa 54 kwa 52. Hata hivyo aliyetangazwa mchezaji bora wa mashindano alikuwa Olajuwon, na tangu siku hiyo hakuna mwingine wa timu iliyoshindwa fainali aliyepewa heshima hiyo.

Mwaka 1984 alifika fainali tena, akashindwa na Georgetown ya Patrick Ewing, mzaliwa wa Jamaika. Aliondoka chuoni bila ya taji la ubingwa, lakini Houston Rockets, timu ya ligi ya kulipwa, ikamchagua wa kwanza katika vijana wote wa mwaka ule, Jordan akiwa wa tatu. Njia aliyoipita ikawa pana: Dikembe Mutombo akatoka Kinshasa kwenda Georgetown, na kijana wetu Hasheem Thabeet akatoka Dar es Salaam kwenda Connecticut, akachaguliwa wa pili mwaka 2009.

Ubingwa alioukosa chuoni aliupata na Rockets mwaka 1994 na 1995, katika mji ule ule wa Houston. Mwezi wa Februari 1995 ulikuwa ni Ramadhani, naye alifunga mchana na kucheza kama kawaida. Na kwa mwezi huo ligi ikamtangaza kuwa mchezaji bora.