Mkulima Aliyepiga Picha za Theluji

   Sogea penye mwanga, maana leo tutazungumza juu ya vitu vidogo sana.

Watu wengi hudhani kwamba mpiga picha sharti asafiri mbali ndipo apate kitu cha kupiga. Akishika kamera huanza kuota simba, milima na miji mikubwa, na uwanja wa nyumba yake anaupita bila kuutazama. Nataka kukupa habari za mtu aliyekaa karibu maisha yake yote katika shamba moja, akikamua ng'ombe, na picha alizozipiga pale pale nyumbani zikafika katika vyuo vikuu.

Jina lake Wilson Bentley. Alizaliwa mwaka 1865 huko Jericho, katika jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki ya Marekani. Huko baridi ni kali na theluji huanguka miezi mingi. Wewe huenda umeiona theluji kwa mbali tu, kama kofia nyeupe juu ya Kilimanjaro. Kwa watu wa Jericho ilikuwa kama tope la masika kwetu, jambo la kuudhi. Nani angetafuta uzuri katika kitu kinachoondolewa mlangoni kwa koleo?

Mama yake, aliyekuwa mwalimu zamani, alimfundisha nyumbani. Kijana alipotimiza miaka 15, mama alimpa darubini kuukuu, ile ya kukuzia vitu vidogo. Akaweka chembe ya theluji chini ya kioo, akaona nyota yenye pembe sita, imepambwa kama nakshi ya mlango wa Lamu. Alijaribu kuichora. Lakini fikiri taabu yake: chembe huyeyuka kabla mkono haujamaliza, na ikiisha kuyeyuka imekwenda zake.

Basi akataka kamera. Siku zile haikuwa kitu cha kila mtu. Kamera ya Kodak ya George Eastman, iliyowawezesha watu wasiojua habari za dawa kupiga picha, ilitoka mwaka 1888, na ile ya Brownie, iliyouzwa kwa dola 1, ilitoka mwaka 1900. Bentley alihitaji kamera kubwa ya kutumia vioo vilivyopakwa dawa. Baba yake aliona huo ni upuuzi, lakini ikanunuliwa. Akaiunga na darubini, akashindwa mara nyingi, hata tarehe 15 Januari 1885, akiwa hajatimiza miaka 20, akapata picha yake ya kwanza iliyo safi.

Sikiliza jinsi alivyofanya kazi. Alisimama nje na ubao mweusi mpaka chembe zikaangukia juu yake. Akizuiwa na iliyovunjika, aliifuta kwa unyoya. Akiiona nzima, aliiinua kwa kijiti chembamba, akaiweka juu ya kioo, akaikandamiza taratibu kwa unyoya. Chumba kilikuwa hakina moto, naye alibana pumzi, kwa kuwa joto la pua peke yake lingeiharibu. Alifanya hivyo kila msimu wa baridi kwa zaidi ya miaka 40, akapata picha zaidi ya 5,000. Alisema hakupata kuona mbili zilizo sawasawa.

Kwa nini pembe ni sita? Maji yakiganda, chembe zake ndogo kabisa hushikana kwa mpango wa pande sita. Kisha joto na unyevu wa mawingu huamua kama itakuwa sindano, kisahani au nyota. Jambo hilo la pili lilithibitishwa vizuri na Mjapani, Nakaya Ukichiro, aliyetengeneza chembe ya theluji ndani ya maabara mwaka 1936.

Sasa nifike penye ubishi. Katika picha za Bentley chembe ni nyeupe na nyuma yake ni peusi tititi. Weusi ule haukutoka kwenye kamera. Alichukua nakala ya kioo cha picha, akakwangua dawa pembeni mwa chembe kwa kisu, kwa saa nyingi. Mtaalamu wa Ujerumani, Gustav Hellmann, alimlaumu kwamba anaharibu ukweli. Mimi kukwangua hakunisumbui sana, maana nakala halisi alizihifadhi. Kinachonisumbua ni ule unyoya. Chembe nyingi zinazoanguka zimevunjika au hazilingani pande zote. Yeye alichagua nzuri, na mpaka leo watu hudhani kila chembe ya theluji ni nyota kamili. Ukitazama picha yoyote, jiulize pia ni nini kilichofutwa ubaoni.

Fedha hakupata. Nakala aliziuza kwa senti 5 tu, na gharama zilizidi mapato. Majirani walimwona mtu wa ajabu. Lakini mwaka 1898 aliandika makala pamoja na profesa wa Chuo Kikuu cha Vermont, na mwaka 1931 kitabu chake kilitoka, chenye picha zaidi ya 2,400. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule alitembea kwenda nyumbani katika dhoruba ya theluji, akashikwa na homa ya mapafu, akafa tarehe 23.

Theluji haikuwa kazi yake yote. Wakati wa kiangazi alipiga picha za umande juu ya utando wa buibui. Na ili apime matone ya mvua, alitandaza unga katika sahani, akaiweka mvuani kwa sekunde chache. Kila tone likawa kidonge cha unga, akakikausha na kukipima.

Unga unao, na mvua itakuja. Kabla ya somo lijalo, kikundi chenu kifanye jaribio hilo, kwanza katika manyunyu, kisha katika mvua kubwa, mkaandike tofauti mliyoiona. Mwenye kamera aamke kabla ya jua, atafute utando wa buibui karibu na mlango wake. Aupige akiwa ameuelekea mwanga, na asiuguse. Kwaherini.